Kopo la Nusu

Asubuhi ile niliondoka Kasuku, mtaa wetu wa mji wa Kindu, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimenawa uso na kunywa chai ya mchaichai ya dada yangu, na miguu ikaanza kuniwasha kama inavyoniwasha kila baada ya miezi kadhaa. Dada yangu anaijua dalili hiyo kuliko mimi. Alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake barazani, anashona sare za shule, na hakuinua kichwa.

"Leo ni wapi?"

"Sijui, yaya," nikamjibu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Nitavuka mto kwanza, kisha nitaona."

"Leta koti."

Nikampa koti. Akaligeuza ndani nje, akatoa karte yangu ya matunzo, yaani kadi ya matibabu, ambayo alikuwa ameshaifunga katika plastiki ya sukari, akaishonea mfuko mdogo upande wa kushoto, kwa sindano ya mkono. Nilikaa nikiangalia ule mkono wake wa kuume unavyokwenda, sindano inaingia, sindano inatoka. Msimu wa mvua uliopita, mkono huo ulikuwa umekataa kushika hata mkasi.

"Unakumbuka kile tulipatana?" akauliza.

"Nakumbuka."

"Sema nisikie."

"Popote nitakapofika, nitaonyesha munganga kifua changu."

"Hapana popote. Fasi ya kwanza kwenye wanapokea karte. Na utameza dawa yote, usibakishe."

"Na weye?"

"Miye namaliza yangu kila asubuhi. Uliza polisi wangu." Akanyoosha kidevu upande wa nyumba ya pili ya lupango wetu, ule ua tunaokaa pamoja, ambako jirani yetu mjane alikuwa anapepeta mchele huku akisikia kila neno.

"Namulinda," mjane akasema. "Enda na amani, mutembezi. Lakini hiyo kikohozi usiturudishie."

Nikavaa koti, nikaenda mtoni. Niliwaacha hivyo, mmoja anashona na mwingine anapepeta. Kuwaacha hai na wakigombana ilikuwa zawadi kubwa kwangu, na sababu yake ni kopo moja la maziwa ya unga.

Kopo hilo lilianza wakati wa vita. Vita vilipotufikia nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Shule ilifungwa, na ilipofunguliwa tena mimi nilikuwa nimeshazoea njia kuliko daftari. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa, dada yangu ndiye aliyenilea. Treni ya kusini haikuja tena. Meli hazikupanda mto wala kushuka. Chumvi, sabuni, betri za redio na dawa vilifika Kindu juu ya baiskeli, zikisukumwa porini na wanaume waliokuwa wanalala msituni na kuomba Mungu wasikutane na mtu mwenye bunduki. Nilipopata nguvu za kutosha nikawa mmoja wao. Hapo ndipo miguu yangu ilipojifunza kuwasha.

Siku moja munganga mmoja aliyekuwa anakimbia mji alimletea dada yangu suruali ashone haraka. Kwetu kila anayevaa koti jeupe tunamwita munganga, awe daktari au muuguzi. Huyu hakuwa na kitu cha kulipa, akamwachia vidonge katika mfuko wa nailoni. Dada yangu akavitia katika kopo la maziwa lililokuwa tupu, akaliweka juu ya kabati. Akatunga sheria yake. Mgonjwa anakula nusu, na nusu inarudi koponi kwa ajili ya mgonjwa atakayefuata. Vidonge alivikata kwa wembe juu ya ubao wa cherehani, na kwa kuwa ni mtu wa kukata vitambaa, nusu zake zilikuwa sawa kabisa. Watu wa lupango wote walifuata. Yeyote aliyepata dawa mahali popote, kwa padri, kwa imamu, kwa askari mwenye moyo, alileta nusu koponi. Usiku tulipohama kwenda kulala mashambani, dada yangu alibeba Korani ya baba katika kitambaa, na kopo mkononi. Mashine aliiacha.

Mimi mwenyewe nililishwa kutoka kopo hilo. Malaria ilinikamata wakati mji ulikuwa umezungukwa na hakuna aliyeweza kutoka. Nilitetemeka chini ya magunia mpaka kitanda kikalia. Dada yangu alinimezesha nusu za mume wa jirani yetu, yule ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa ameumwa kabla yangu na amerudisha sehemu yake. Wanganga wameniambia mara nyingi tangu siku hizo kwamba nusu ya dawa ya malaria ni kama hakuna dawa. Nawasikia, na naamini wanasema kweli. Lakini nilisimama tena, na kila nikimkumbuka mzee yule namwombea, kwa sababu alikuwa na homa bado alipoacha kufikiria mwili wake na kufikiria wa mwingine.

Vita viliacha kitu kingine ndani yetu. Hospitali ilikuwa haina dawa, na njia ya kwenda kule ilikuwa na hatari. Kwa hiyo mtu hakwenda mpaka abebwe. Kwenda kwa munganga ukitembea kwa miguu yako mwenyewe kulionekana kama majivuno. Watu wangekuuliza, "Unatembea, unasema, unakula sombe. Unaumwa nini sasa?" Vita viliisha, meli zikarudi polepole, maduka ya dawa yakajaa barabarani, na sisi tukaendelea kungoja kubebwa.

Mimi sikuwepo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Nilikuwa Kibombo kwenye mchele, nikawa kwenye mitumbwi, nikawa kwenye machimbo ya dhahabu, mahali panapoitwa Kama, ambako nilitwanga mawe katika vinu vya chuma mpaka yakawa unga, na unga mwingine ukawa unaingia kifuani mwangu. Kikohozi nilichotoka nacho kule sikukihesabu kuwa ugonjwa. Nilikiona kama mtu niliyesafiri naye.

Niliporudi Kasuku nikakuta mji una neno jipya. Redio ilisema bima. Watu walisema asiransi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye maduka na malori, alikuwa amewaandikisha wafanyakazi wake wote katika kampuni ya asiransi. Kila mwezi alikata kidogo katika mshahara, yeye akaongeza chake, na kila mmoja akapewa karte yenye picha yake. Ukiumwa unaipeleka kliniki fulani, unatibiwa, kampuni inalipa. Dada yangu alikuwa anamshonea mahema ya malori na nguo za kazi, kwa hiyo alikuwa kwenye orodha. Aliruhusiwa kuandika mtoto. Hana mtoto. Akaniandika mimi.

"Umenifanya mutoto wako, na hii ndevu?" nikamwuliza.

"Nani alikulea? Mutoto ni ndevu?"

Mfanyabiashara alisikia, akacheka, akaacha jina langu. Yeye ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya Jumapili, na Ijumaa mchana anawaacha Waislamu wake waende msikitini bila kuwanunia. Sijui kama alileta karte zile kwa huruma au kwa kuchoka kuzika madereva. Namshukuru kwa vyote viwili.

Kwa kuwa sikuwa na kazi, na mimi ni mtu wa kuuliza, nilianza kukaa karibu na bohari lake niangalie karte inawafanya nini watu. Mwanzoni hakuna aliyeitumia. Waliiweka pamoja na karte ya uchaguzi na kuikung'uta vumbi. Mpakiaji mmoja alinung'unika kila siku ya malipo: "Mwaka nzima sijagonjwa. Wananiibia! Nalipia tumbo ya wengine." Mwenzake akamjibu, "Basi gonjwa, nani anakukataza?" Kisha mke wa dereva alijifungua kliniki, akatoka na mtoto na tabasamu, na hakuna kitu walichouza nyumbani ili atoke. Habari hiyo ilivuka mto kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata mpakiaji yule yule alipeleka goti lililokuwa linamwuma tangu vita.

Kutoka hapo watu walibadilika kila mmoja kwa njia yake. Wengine walikwenda na kila mwasho. Kulikuwa na karani aliyetaka atundikiwe dripu ya seromu kila akichoka; munganga alipomwambia hana ugonjwa, alikasirika: "Na karte inafanya kazi gani sasa?" Kijana mmoja wa pikipiki aliacha kulala ndani ya chandarua kwa sababu, alisema, malaria yake inalipwa. Mke wake akamfukuza chumbani: "Yako inalipwa. Mbu wako wananiuma miye!" Wengine walikwenda upande wa pili. Walipimwa mara moja tu, wakaanza kuogopa chumvi, wakaacha pombe ya mahindi, wakazungumza habari za tansiyo, yaani shinikizo la damu, kwa sauti waliyozungumzia mpira zamani. "Miye niko kumi na tano." "Weye ni mutoto, miye niko kumi na saba!" Kama kwamba ni magoli.

Dada yangu naye alikwenda kliniki bila kuumwa. Alikwenda kuijaribu karte, kama mtu anavyojaribu ufunguo mpya. Walimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, wakapuliza, wakaangaliana. Tansiyo yake ilikuwa juu sana. Yeye alisema anasikia kichwa tu, na kichwa ni cha mashine. Munganga, mama mwenye umri wake, alimweleza polepole: huu ugonjwa haulii, unakaa kimya, na siku ukisema unasema mara moja. Alipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, siku zote, hata akijisikia vizuri.

Nilifurahi. Niliona karte imefanya kile ambacho kubebwa kusingefanya kamwe. Lakini kila aliporudi kupimwa, tansiyo ilikuwa pale pale. Munganga akamshuku chumvi. Dada yangu alirudi nyumbani amechukia.

"Ananishitaki samaki ya chumvi! Miye! Tangu lini nimekula?"

"Juzi," jirani mjane akasema.

"Ile ilikuwa mukia tu."

Munganga akaongeza nguvu ya dawa. Haikushuka. Akaongeza tena.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimekaa naye barazani. Alikuwa anakata kitambaa cha bluu, na mkasi ukamtoka mkononi, ukaanguka kwenye saruji. Akainama kuuchukua, vidole havikufunga. Akaniangalia. Akataka kusema jina langu, likatoka upande mmoja wa mdomo, kama neno la mtu aliyelala. Jirani mjane alipiga yowe, pikipiki ikaja, tukampakia katikati yetu, mimi nyuma nimemshika kiuno, na kichwa chake kikawa kinagonga kifua changu mpaka kliniki. Hawakuuliza kitu mlangoni. Waliona karte, wakamwingiza. Nimesimama kwenye milango mingine maishani mwangu na watu niliowabeba, na najua nini huwa kinaulizwa kwanza. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Baada ya muda mdomo ulirudi mahali pake. Mkono ulirudi kidogo kidogo. Munganga alinitoa nje ya chumba.

"Safari hii ugonjwa umemurudisha," akaniambia. "Ingine inaweza isimurudishe. Papa, huyu dada yako anameza dawa?"

"Anameza. Namuona kila asubuhi."

"Anameza namna gani?"

 Alinituma nyumbani nilete kanga na vidonge vyote vya dada yangu, avihesabu. Niliingia chumbani kwa dada yangu, nikavuta kanga juu ya kabati, na kopo la maziwa likateleza. Likatoa mlio. Mlio ule ningeujua hata nikiwa nimefumba macho, mlio wa vidonge vilivyokatwa, mkavu, mwepesi kuliko wa vidonge vizima. Nilifungua. Lilikuwa limejaa karibu mpaka mdomoni, nusu nyeupe, nusu za rangi ya waridi, zote zimekatwa sawa kabisa.

Sikumletea munganga kopo siku hiyo. Nilimweleza kwa mdomo. Akatikisa kichwa, lakini hakumkasirikia. "Njo maana," akasema. "Nilikuwa naongeza, naye anagawanya. Na kama siku moja angemeza nzima, kwa ile nguvu niliyofikisha, tansiyo ingeshuka mno, angeanguka kwa upande mwingine." Akaandika upya dawa kutoka mwanzo, ya nguvu ndogo, akanionya arudi kupimwa karibu karibu. "Lakini miye siwezi kuingia katika nyumba yake," akasema. "Hiyo ni kazi yenu."

Dada yangu aliporudi nyumbani, niliweka kopo mbele yake juu ya mashine. Aliliangalia kama mtu aliyekutana hadharani na ndugu anayemficha.

"Kwa nini, yaya?"

"Kwa nini nini? Dawa inakuja kila mwezi, haiishi. Nikila yote na vita ikirudi?"

"Vita imeisha zamani."

"Weye unajua? Walikuandikia?" Akapangusa kifuniko kwa kidole. "Na hawa wengine? Mama wa nyuma iko na kichwa. Baba wa kona anasikia kizunguzungu. Hawana karte. Miye niko nayo. Nitakula nzima nikiwaangalia?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nusu zile hazikukaa tu. Zilikuwa zinatoka. Jirani yetu mjane, ndiye huyo mama wa nyuma, alikuwa anameza moja kila asubuhi, akiwa hajapimwa hata siku moja, kwa sababu alikuwa na kichwa na kwa sababu dada yangu alimpa. Baba wa kona pia. Kampuni ya asiransi ilidhani inatibu mtu mmoja, kumbe ilikuwa inalisha lupango. Sikuweza kumwambia amekosea. Mimi niliyemezeshwa nusu za mzee wa watu ningeanzia wapi? Nilisema habari za munganga, nikasema habari za mkono. Dada yangu alichukua kopo akalirudisha juu ya kabati kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kuume ulikuwa bado haunyanyuki vizuri.

Aliyemaliza jambo ni mjane. Alikuja kesho yake asubuhi, wakati wa dawa, na sahani ya mihogo. Dada yangu alikuwa ameshaweka kidonge kipya juu ya ubao wa cherehani na wembe ameushika kwa mkono dhaifu, anautafutia mahali. Mjane akaweka sahani chini.

"Hiyo nusu ni ya nani?"

"Yako."

"Sitaki."

"Unasema nini? Kichwa yako je?"

"Kichwa yangu ni yangu. Nilienda jana na ndugu yako kwa munganga, kupima tu." Ni kweli, nilikuwa nimempeleka, kupimwa hakukuhitaji karte. "Miye sina tansiyo! Niko na macho mabovu. Nilikuwa nakula mukono wako bure, kila asubuhi, nasema asante."

Dada yangu akabaki na wembe hewani.

"Mume wangu alirudisha nusu yake kwa hii kopo," mjane akasema, na sauti ikabadilika. "Ilikuwa vita. Hakuna njia ilikuwa. Leo, ukianguka, nani atanishonea? Ule fundi wa sokoni anashona mikono haifanani! Unataka nizikwe na mukono moja murefu?"

Dada yangu alicheka. Alicheka mpaka wembe ukamtoka. Mjane akauokota, akautia katika mfuko wa nguo yake, na hajaurudisha mpaka leo.

"Meza," akasema.

"Nitameza."

"Meza nikuone."

Dada yangu akakishika kidonge kizima kwa vidole viwili, akakizungusha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kuweka dawa nzima mdomoni mwake. Uso ulionekana kama wa mtu anayeiba. Akanywa maji, akafunga macho, akameza. Halafu akafungua jicho moja, akanitazama mimi.

"Sasa huyu," akasema. "Huyu anakohoa tangu ametoka dhahabu, karte iko na picha yake, na hajaenda. Anangoja abebwe. Nani atamubeba huyu mwenye miguu mirefu? Miye nameza nzima, naye anaenda. Asipoenda, narudi kwa wembe."

Mjane akatuangalia wote wawili na kusema, "Nimesikia. Miye ni shahidi."

Ndivyo tulivyopatana. Nilingoja kwanza. Nilibaki mpaka mkono wake uliposhika mkasi tena, mpaka munganga alipofunga kile kitambaa, akapuliza, na safari hii akatabasamu peke yake. Baba wa kona tulimpeleka akapimwe. Yeye kweli alikuwa na tansiyo, na mfanyabiashara akampa kazi ya ulinzi wa bohari, yenye karte. Si kila mtu wa lupango alipata mwisho kama huo. Wapo bado wanaoangalia karte yetu na kunyamaza, na mimi sijui niwaambie nini. Kopo nililiacha juu ya kabati. Munganga alisema tuzipeleke zile nusu kliniki zikachomwe, dada yangu akasema ndiyo, atazipeleka mwenyewe. Siku ile miguu ilipowasha, sikujua kama alikuwa amezipeleka.

Hilo ndilo nililovuka nalo mto. Ng'ambo, Alunguli, nilikuta pikipiki zinapakiwa kwenda kaskazini, na mmoja wa wenye pikipiki alihitaji mtu wa kumsaidia kusukuma kwenye tope. Nikauliza anafika wapi. Akasema Lubutu. Lubutu nilikuwa sijafika, kwa hiyo nikapanda.

Njia ilikuwa ile ile ya ujana wangu kwa sura, madaraja ya magogo, madimbwi ya kuficha gurudumu, miti inayoinamia barabara. Lakini tulipokutana na watu tulisalimiana, na hakuna aliyeruka kujificha. Nilisukuma, nikakohoa, nikasukuma. Mwenye pikipiki akaniambia kwa adabu, "Papa, kama unakufa, tuambie mbele, tupange mizigo." Nikamwambia niko na karte. Akaomba kuiona, nikamwambia imeshonewa. Alicheka vilima viwili vizima.

Lubutu tulifika mchana wa siku ya tatu. Mfanyabiashara wetu ana bohari pale, nikauliza wafanyakazi wake kliniki inayopokea karte, wakanionyesha nyumba ya mabati ya buluu. Nilipasua ule mshono kwa meno. Munganga alikuwa kijana mwenye miwani. Alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akanipeleka nikapigwe picha, akachukua makohozi, akaniambia nirudi jioni. Niliporudi alisema si kifua kikuu, ni mapafu yaliyochokozwa na vumbi na sasa yana ugonjwa juu yake. Yatatulia nikimaliza dawa na nisirudi kwenye vinu.

"Unakohoa tangu lini?"

"Tangu kule kwenye dhahabu."

"Hiyo si tarehe."

"Ndiyo tarehe niliyonayo."

"Ungekuja mapema, papa."

"Nimekuja kwa miguu yangu," nikamwambia. "Kwetu hiyo ni mapema sana."

Nikatafuta pa kulala. Mama mmoja anayechoma mikate alikuwa na vyumba nyuma ya tanuri. Alinisikia kabla ya kuniona.

"Hiyo kikohozi italala kitanda gani?"

"Tutalala pamoja, mama. Munganga anasema haiambukizi." Nikamwonyesha dawa.

Aliziangalia, akaniangalia, akaniingiza katika chumba kinachogusana na tanuri. "Hapa iko joto. Kifua inapenda joto. Lakini usiguse ukuta." Nilimwomba maji ya kunywa na kuuliza mahali pa kushika mtandao. Akanionyesha kizingiti cha mlango wake mwenyewe.

Dada yangu alipokea mara moja. Nilimwambia niko Lubutu, nimepimwa, nimepewa dawa, nimepata kitanda. Akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili. Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu. Kopo. Lilikuwa linatikisika.

"Yaya. Hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Hiyo kopo. Nasikia."

"Ni vifungo, weye. Vya sare. Nimevitia humo."

 Nilisikiliza kwa nguvu, lakini simu ile haikuweza kunipa zaidi ya hapo. Kisha ikanyang'anywa, na sauti ya mjane ikajaa sikio langu.

"Ni vifungo, mutembezi! Nimetia mukono ndani mwenyewe mpaka chini. Na leo amemeza nzima, nimemuona, na ameonyesha ulimi. Sasa weye. Meza tusikie."

Nikaweka simu juu ya kizingiti, karibu na kikombe. Kidonge kilikuwa kikubwa, na chenye mstari katikati, tayari kwa kukatwa. Nikakitia mdomoni kizima, nikanywa maji yote ya mama wa mikate, na nikamweleza mjane kwamba kimeshuka.

"Onyesha ulimi," akasema, na nikauonyesha, pale mlangoni, kwa Lubutu nzima.